Mguu, Mkono na Kinywa

Neno ngoma lina maana tatu katika Kiswahili. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi, kipigwacho kwa mikono au kwa fimbo. Ngoma ni mchezo uchezwao kwa miguu na mabega. Tena ngoma ni kusanyiko lenyewe, pamoja na nyimbo zake, watu wake na sababu iliyowakusanya. Mtu akisema, "Jana kulikuwa na ngoma kwa fulani," haulizwi kama watu waliimba, au walicheza, au walipiga. Msikizaji ajua ya kuwa yote matatu yalifanywa pamoja. Waliotuachia neno hili hawakuwa maskini wa maneno. Lugha iliyoweza kuzipa pepo majina yake mbalimbali, kaskazi, kusi na matlai, isingeshindwa kulipa kila jambo katika haya jina lake. Waliyaita kwa jina moja kwa kuwa waliyaona ni kitu kimoja.

Kusudi la insha hii ni kupima jinsi kitu hiki kimoja kinavyofundishwa shuleni, katika nchi ya Malindi na Kilifi, kwa watoto wa madarasa ya kati, yaani wale walio baina ya mwaka wa kumi na wa kumi na tano wa umri wao. Umri huu ni wa hatari katika muziki. Mtoto mdogo huimba bila haya, na mtu mzima huimba kwa kujua. Lakini kijana wa madarasa ya kati sauti yake yavunjika, viungo vyake vyarefuka, na macho ya wenzake yamwelemea. Akishindwa wakati huo huweza kunyamaza maisha yake yote. Kwa hiyo kosa la mwalimu katika miaka hii si kosa dogo.

Yafaa tukumbuke kwanza ya kuwa pwani hii haikungoja shule ili iwe na muziki. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mmoja wa watu wa safari yake aliandika habari za mfalme wa mji aliyewapokea. Katika habari hizo alitaja wapiga parapanda wengi, na pamoja nao pembe mbili za ndovu zilizochorwa kwa ustadi, urefu wake kama kimo cha mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Akasifu jinsi sauti zake zilivyopatana na zile parapanda. Pembe hizo twazijua: ni siwa. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa hata leo. Mgeni yule alikuja kutafuta njia ya Bara Hindi, wala hakuja kutafuta muziki. Lakini muziki ulimlazimisha auandike. Basi mwalimu aingiaye darasani Malindi na kudhani ya kuwa ameleta muziki mahali pasipo muziki, amechelewa zaidi ya miaka mia tano.

Tuchukue mfano wa mtoto mmoja. Hatumpi jina, kwa sababu yumo katika kila darasa. Nyumbani kwao, katika vijiji vya Magarini, au Ganze, au Kaloleni, amelala tangu utotoni akisikia kayamba. Kayamba ni bapa la matete yaliyofungwa pamoja, lenye mbegu kavu ndani yake. Hushikwa kwa mikono miwili na kutikiswa, na mbegu zikienda huku na huku hutoa sauti kama ya mvua juu ya makuti. Mtoto huyu aweza kuitikisa kayamba muda mrefu bila kupoteza pigo, huku akiitikia wimbo na kusogeza miguu. Asubuhi yake aenda shule. Mwalimu achora ubaoni alama za pigo zima, nusu ya pigo na robo ya pigo, kisha amwambia asimame azipige makofi. Mtoto atazama ubao, mikono yajikunja, mapigo yanaparaganyika. Wenzake wacheka. Mwalimu aandika katika daftari lake ya kuwa mtoto huyu hana kipawa cha muziki.

Nani ameshindwa hapo? Mtoto hakushindwa muziki, bali alishindwa kusoma maandishi ambayo hajaelezwa ya kuwa yanamwandika yeye mwenyewe. Ni kama mtu amwonyeshaye mvuvi ramani ya bahari, akamwona hawezi kuisoma, akamwambia hajui bahari. Dawa ya jambo hili si kuitupa ramani. Dawa yake ni kumchukua mvuvi mpaka mahali anapopajua, halafu kumwonyesha mahali papo hapo katika karatasi. Mwalimu mwema angeanza kwa kayamba, akamwacha mtoto aitikise, akawaambia wengine waitembee ile sauti uwanjani. Na baada ya kuwa miguu yote imekubaliana, angechora ubaoni kile kilichokwisha fanywa. Maandishi hufuata tendo. Hakuna mtoto aliyejifunza kuandika neno mama kabla ya kulitamka.

Desturi ya kuanza kwa ubao ilitoka wapi? Si haki kulaumu bila kueleza. Misheni ya Rabai ilianzishwa mwaka 1846 na Krapf na Rebmann, na katika miaka iliyofuata misheni za pwani zilikuwa na shule, na shule zilikuwa na nyimbo za ibada. Katika karne ile ile mtu mmoja Mwingereza, jina lake John Curwen, alieneza namna ya kusoma nyimbo kwa herufi za do, re, mi badala ya alama ngumu za mistari mitano. Mwanzo wa namna hiyo aliupata kwa mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover. Ilikuwa namna rahisi, isiyohitaji kinanda wala gharama. Wamisionari waliichukua mpaka pande nyingi za Afrika, na kwaya zikasimama kwa nguvu yake. Mtu asiyeona faida hiyo hana macho.

Lakini pamoja na herufi zile zilikuja pia nyimbo zake, na hapo ndipo palipo na kasoro. Kiswahili kina sheria ya mkazo: sauti hutiwa nguvu katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Sheria hii si pambo. Neno barabara, likitiwa mkazo katika silabi ya tatu, ni njia ya kupita watu. Likitiwa mkazo katika silabi ya pili, maana yake ni sawasawa kabisa. Sasa chukua maneno baba yetu. Mtu ayasemapo hutia nguvu katika ba ya kwanza na katika ye. Yatie maneno hayo katika wimbo wa Kizungu ambao pigo lake la kwanza ni jepesi na la pili ni zito, nawe utasikia nguvu ikiangukia ba ya pili na tu ya mwisho. Maneno ni ya Kiswahili, lakini mwendo wake si wa Kiswahili. Mtoto akiimbishwa hivyo miaka mingi hujifunza jambo asilofundishwa kwa kusudi: ya kuwa lugha yake haina haki mbele ya wimbo, na ya kuwa kuimba vizuri ni kusema vibaya.

Hata hivyo tusikilaumu chombo kwa ajili ya kilichotiwa ndani yake. Katika nchi ya Hungaria, mtunzi Zoltán Kodály, aliyeishi tangu mwaka 1882 mpaka 1967, aliichukua namna ile ile ya do, re, mi iliyotoka Uingereza, akaitumia kuwafundisha watoto wa nchi yake nyimbo za wakulima wao, kwa lugha yao na kwa mkazo wa lugha yao. Chombo kile kile kilichotumika huku kuzisahaulisha nyimbo za nyumbani kilitumika kule kuzikumbusha. Tena Curwen mwenyewe aliweka ishara za mkono kwa kila sauti, ili mwimbaji aone kwa jicho na aonyeshe kwa kiungo sauti ipandavyo na ishukavyo. Mwalimu aliyezibakiza herufi ubaoni na kuiacha ile mikono alichukua mifupa ya mafundisho, akaacha nyama yake.

Mwalimu mwingine apasaye kutajwa ni Émile Jaques-Dalcroze, aliyefundisha katika chuo cha muziki cha Geneva kuanzia mwaka 1892. Aliona ya kuwa wanafunzi wake waliweza kupiga vyombo kwa ufundi wa vidole, lakini mapigo hawakuyahisi, walihesabu wasichokisikia. Akawaondoa vitini, akawatembeza, akawafundisha kuonyesha muda wa kila sauti kwa hatua na mikono. Mjerumani Carl Orff naye alifuata njia iliyo karibu na hiyo mjini Munich kuanzia mwaka 1924, akiunganisha ngoma, usemi na mchezo. Watu wengi huzisoma habari hizi kama uvumbuzi. Mzee wa Kigiriama azisikiapo huenda akauliza ni nani hao waliokuwa wakiimba bila kutembea mpaka ikawa lazima wafundishwe.

Swali hilo ni zuri, lakini lisitupe kiburi. Dalcroze na Kodály waliifanya kazi ambayo sisi hatujaimaliza: waliandika hatua baada ya hatua, somo baada ya somo, ili mwalimu wa kawaida aweze kuyafuata. Duara la ngoma la kijijini hufundisha kwa kuona na kuiga kwa miaka kumi. Darasa lina dakika chache kwa juma. Kusema tu ya kuwa watoto wetu wana muziki ndani ya damu ni uvivu uliovaa nguo ya sifa. Damu haifundishi. Aliyefundisha ni mama, na shangazi, na mwimbishaji wa kijiji. Na mahali ambapo hao wamehamia mjini, au wamenyamaza, mtoto wa pwani huwa mgeni wa kayamba kama mtoto wa mahali pengine popote.

Basi nitoe somo moja, dogo, ili lawama yangu isiwe maneno matupu. Mwalimu awapange watoto duara uwanjani. Wahesabu pamoja mpaka sita, bila kusita, kisha waanze tena. Miguu ikanyage katika moja na katika nne. Hilo likikaa, mikono ipige makofi katika moja, katika tatu na katika tano, huku miguu ikiendelea na kazi yake. Hapo miguu ina mapigo mawili na mikono ina mapigo matatu katika muda ule ule, navyo hukutana katika moja peke yake. Ugomvi huu mtamu wa mawili na matatu hukutana nao mara nyingi katika ngoma za pwani. Ajuaye chakacha atautambua upesi. Ukiandikwa ubaoni ni fumbo; ukitembewa ni mchezo wa asubuhi moja.

Sasa kinywa kiingie. Watoto waseme Malindi, Kilifi, silabi sita kwa hesabu sita. Wakianza katika moja, watasikia mambo hayakai, kwa kuwa mkazo wa maneno haya mawili umo katika silabi ya kati, na mguu umekwisha kanyaga kabla yake. Mwalimu asiwaambie dawa. Awaache watafute. Muda si muda mtoto mmoja ataitanguliza silabi ya kwanza, aiseme katika sita, kabla mguu haujashuka. Na mara mkazo na mguu vitaanguka pamoja, Ma-LI-ndi, Ki-LI-fi, na duara zima litacheka kwa furaha. Katika mchezo huo watakuwa wamejifunza kwa miili yao kanuni ambayo wafasiri wengi wa nyimbo waliisahau: silabi nyepesi hutangulia, na pigo zito hulingojea neno. Baada ya hapo ndipo chaki ina kazi.

Nawe msomaji wa shule ya sekondari usidhani ya kuwa kosa hili ni la watoto wadogo peke yao. Umefundishwa ya kuwa mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, minane katika ukwapi na minane katika utao, nawe huzihesabu kwa vidole juu ya dawati. Lakini washairi wa pwani hawakutunga kwa vidole. Walitunga kwa sauti, na mizani ni alama za nyayo za wimbo uliokwisha pita. Mwanafunzi ahesabuye mizani bila kuimba hata ubeti mmoja ni ndugu wa yule apigaye makofi kwa kutazama ubao. Wote wawili wameonyeshwa nyayo, wakanyimwa mnyama.

Uko wimbo mmoja ambao kila mtoto wa Kenya auimba, nao unatosha kuwa somo kamili. Mwaka 1963, nchi ilipokaribia uhuru, kamati ya watu watano iliwekwa ili kutayarisha wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuazima sauti ya ng'ambo. Walichukua wimbo wa Wapokomo, majirani zetu wa Mto Tana upande wa kaskazini wa Malindi, wimbo ambao mama humwimbia mtoto ili alale. Tarehe 12 Desemba mwaka huo taifa zima liliamshwa kwa wimbo uliotungwa ili kulaza mtoto. Huo ni uamuzi wa ajabu na wa busara, nao wastahili kutafakariwa na kila mwalimu wa muziki.

Lakini uulize darasani ni watoto wangapi wajuao habari hiyo. Wimbo wa taifa huimbwa kwa kusimama wima, na ndivyo ipasavyo. Heshima ya taifa haichezewi. Hata hivyo, baada ya bendera kupandishwa, katika kipindi cha muziki, kuna kosa gani mwalimu akiurudisha wimbo wa Wapokomo mahali pake pa kwanza? Awaambie watoto wakunje mikono kama waliopakata mtoto, wayumbe polepole, wauimbe kwa mvumo wa midomo iliyofungwa. Watahisi kwa nini sauti yake ni pana na yenye huzuni kidogo, na kwa nini haipendi haraka. Kesho yake wakisimama tena mbele ya bendera, wataimba wimbo ule ule wakiwa na kitu ndani yake. Wimbo uliohisiwa na mwili wote hauimbwi tena kwa meno peke yake.

Nimefika sasa mahali pa lawama kubwa zaidi, yaani mashindano. Mashindano ya Muziki ya Kenya asili yake ni mwaka 1927, nayo yametenda mema mengi. Yamezifikisha ngoma za makabila mbalimbali mbele ya watu wasiozijua; yamewapa watoto wa vijiji safari yao ya kwanza; na kwa shule nyingi yamekuwa sababu pekee ya kununua ngoma na njuga. Lakini sababu pekee ni sababu hatari. Mashindano yakaribiapo, watoto wachache wenye miili mepesi huchaguliwa na kufanyizwa mazoezi mpaka jioni. Waliobaki, nao ndio wengi, hukaa chini ya mwembe na kutazama. Mashindano yakiisha, ngoma hurudishwa ghalani. Mtu akiuliza kama shule hiyo ina muziki, huonyeshwa kikombe. Kikombe ni ushahidi ya kuwa watoto thelathini walijifunza mchezo mmoja; si ushahidi ya kuwa shule ilifundisha muziki.

Kuna na jambo la pili. Ngoma za Mijikenda, watu wa miji kenda kama jina lao lisemavyo, kila moja ina mahali pake na wakati wake. Ziko za vijana, ziko za arusi, ziko za uganga, ziko za mazishi. Kifudu ni ngoma ya mazishi. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipopita vijiji vya Wagiriama akiwahimiza kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, aliicheza kifudu, na watu wengi wakamfuata. Fikiri maana yake. Mwanamke mjane akicheza ngoma ya maziko mbele ya watu ambao nchi yao yachukuliwa hakuwa akitumbuiza. Alikuwa akisema neno zito kuliko hotuba. Serikali ya wakati ule ililielewa neno hilo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alikamatwa, akapelekwa mbali mpaka Kisii.

Sasa mchezo wa namna hiyo ukipandishwa jukwaani, ukafupishwa upatane na saa ya waamuzi, watoto wakaamriwa kutabasamu tangu mwanzo hata mwisho, kitu gani kilichobaki? Miguu imebaki, maana imekwenda. Sisemi ya kuwa ngoma za mazishi zifichwe watoto wasizijue. Nasema ya kuwa mwalimu ana wajibu wa kuuliza wazee kabla ya kuchukua, kuwaambia watoto ngoma hii ni ya nini, na kuwa na ujasiri wa kusema, hii tutaisoma lakini hatutaicheza kwa kikombe. Hando nyeupe kiunoni na njuga miguuni haziifanyi ngoma kuwa ya kweli, kama vile joho lisivyomfanya mtu kuwa hakimu. Mahoteli ya pwani yana haki ya kuwaburudisha wageni wake jioni. Shule ina kazi nyingine.

Upande wa pili wapo wazazi wasiopenda watoto wao wacheze ngoma, wengine kwa sababu ya dini, wengine kwa sababu ya haya. Mwalimu asiwadharau. Malindi ni mji wa misikiti na makanisa pamoja. Lakini wazazi hao wenyewe wanajua ya kuwa mwendo wa mwili haukomi katika ngoma. Katika maulidi watu huketi safu, huimba kasida, huyumba pamoja, na matari hulia. Katika kanisa waumini hupiga makofi. Wavuvi huvuta jarife kwa kuimbizana, na wanawake hutwanga kinuni wakipokezana michi. Mapigo ni ya kazi na ya ibada kama yalivyo ya mchezo. Mwalimu mwenye hekima ana njia nyingi za kuufikia mwili wa mtoto bila kuivuka mipaka ya nyumba yake. Aliye na njia moja tu, nayo imezibwa, ajilaumu mwenyewe.

Twatakiwa pia kutazama cheo cha somo hili katika elimu yetu. Katika miaka ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, muziki ulipata kutahiniwa pamoja na sanaa na ufundi, kisha ukaachwa nje. Kila ajuaye shule zetu ajua kinachofuata: somo lisilotahiniwa hubaki katika ratiba ya ukutani, na saa yake huliwa na hesabu. Utaratibu mpya wa elimu uliletwa, na mwezi wa Januari mwaka 2023 madarasa ya kwanza ya sekondari ya chini yalifunguliwa kwa Gredi ya 7. Masomo yakaonekana ni mengi mno, yakapunguzwa mpaka tisa. Na muziki, uchoraji na michezo ya viungo vikatiwa katika somo moja.

Wako waliolia kwa ajili ya muungano huo, na kilio chao kina haki. Mwalimu aliyejifunza kandanda aweza kujikuta amepewa na wimbo. Naye kwa kuwa hakuufundishwa, ataupisha kando na kupiga filimbi ya mpira. Hata hivyo mimi naona katika muungano huo mlango ulioachwa wazi, pengine bila kukusudia. Somo lililoweka muziki na viungo vya mwili katika nyumba moja limekaribia, kwa bahati au kwa busara, lile neno letu la kale. Ngoma ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kama mwalimu wa viungo atajifunza kuwapasha watoto mwili kwa hesabu sita za mawili na matatu, na mwalimu wa nyimbo atajifunza kuutoa wimbo vitini na kuupeleka uwanjani, somo hilo moja litakuwa kubwa kuliko yale matatu. Kama sivyo, mlango huo huo utautoa muziki nje.

Basi hukumu yangu ni hii. Ufundishaji wa muziki katika madarasa ya kati ya pwani hauna upungufu wa watoto, wala wa nyimbo, wala wa vyombo. Kayamba hutokana na matete, na mikono haiuzwi dukani. Upungufu wake ni wa utaratibu: huanza kwa jicho, hupita kwa kinywa, na mwili huungoja mpaka siku ya mashindano. Ugeuzwe. Mguu utangulie, mkono uufuate, kinywa kiitikie, na jicho lije mwisho kuyaandika yaliyokwisha tendeka. Na kila ngoma iingiayo darasani iulizwe jina lake, mahali pake na wazee wake.

Wahenga walisema ya kuwa mcheza kwao hutunzwa. Shule yapasa kuwa kwao kwa mtoto. Ikiwa mtoto wetu asiye na jina hutunzwa usiku kijijini kwa kuitikisa kayamba, na kuchekwa asubuhi darasani kwa kuitazama ileile ikiwa imeandikwa kwa chaki, basi si yeye aliyepoteza pigo.